Kona ya Mwisho ya Shuka

Mwanasesere wa darasa la wazazi watarajiwa aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu, kama alivyoeleza Sista aliyewafundisha, kila mtu alimbeba na hapakuwa na kazi hata moja aliyoifanya. Alishonwa kwa kitambaa cha kaki, akajazwa mchanga mpaka akapata uzito wa mtoto aliyezaliwa leo. Shingo yake iliachwa legelege makusudi, ili mzazi akisahau kuitegemeza, aone mwenyewe kichwa kinavyoanguka. Jicho moja lilikuwa kifungo cheusi. La pili lilikuwa uzi tu, mahali kifungo kilipokuwa. Kila Jumamosi asubuhi alipitishwa mkono kwa mkono kwenye mabenchi ya chumba cha nyuma cha kliniki, na kila alipopita aliwaachia watu mchanga mapajani, maana kwapa lake lilikuwa limefumuka.

Alipofika kwa Pasi, Pasi alimpokea, akamtegemeza shingo kama walivyofundishwa, akampitisha kwa mumewe. Basi. Kama mtu anayepitisha bakuli la chakula asichokila.

Pasi halikuwa jina lake. Ni jina alilopewa kazini, kwenye chumba cha dobi cha nyumba ya wageni, ambako kazi yake ilikuwa kunyoosha na kukunja mashuka. Wenzake walisema shuka likitoka mikononi mwake, nzi akitua atateleza. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Mumewe alilitumia siku za furaha tu, kwa hiyo alikuwa hajalitumia muda mrefu.

Mume mwenyewe watu walimwita Fundi. Alitengeneza makochi kwenye kibaraza cha nyumba yao, na mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili: mishono yake ilikuwa midogo kama ya mashine, na alikuwa na mwiko wake mmoja ambao watu waliucheka. Ukimletea kochi lililoshonwa na fundi mwingine, haligusi mpaka umtafute fundi huyo akubali. "Kazi ya mtu haifunguliwi bila ruhusa yake," husema, na mteja atake asitake, kochi litakaa hapo linakula vumbi.

Wawili hao walikuwa wakimngojea mtoto, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Mtoto alicheza sana, hasa mchana, Pasi akiwa amesimama mbele ya meza ya kunyooshea. Alimsikia. Hakuweza kusema hamsikii. Lakini alimsikia kama unavyowasikia wapangaji wa chumba cha pili wakisogeza vitanda. Moyoni hamkuwa na kitu. Haikuwa huzuni, huzuni angeitambua. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu: unaujua kuwa ni wako, unauona uko pale, lakini ukiubonyeza ni kama umebonyeza mguu wa jirani. Tofauti ni kwamba mguu, ukisimama, huanza kuchoma, ukajua damu inarudi. Yeye alikuwa amesimama muda mrefu na hakuna kilichochoma.

Mtoto wao wa kwanza alitimiza miezi yake yote, akatoka bila sauti. Tangu siku hiyo Fundi hakumtaja, hata kwa bahati mbaya. Yeye ndiye aliyempokea mtoto mlangoni mwa wodi, akaenda naye na kaka zake kumzika, na Pasi alingoja. Alingoja mumewe aseme neno moja tu kuhusu ule uso. Kwamba alikuwa mzuri, kwamba alifanana na fulani, neno lolote. Fundi alirudi, akanawa, akakaa. Kwa hiyo, Pasi aliwaza, kuna baba anayeweza kuutazama uso ule na asiwe na la kusema. Alilikunja jambo hilo akaliweka chini kabisa, chini ya mashuka mengine yote.

Aliyewaandikisha darasani alikuwa wifi yake, mtu aliyeamini hakuna jambo gumu ambalo maneno mengi hayawezi kulilainisha. Ndiye pia aliyenunua mfuko wa kwendea kujifungua, akaupachika msumarini nyuma ya mlango wa chumba chao, na kila alipokuja aliubonyeza kwanza kabla hajasalimia.

"Wifi, mfuko mtupu."

"Nitaujaza."

"Lini? Akianza shule? Utaingia leba umeshika mfuko mtupu kama mtu anayekwenda sokoni!"

"Nitaujaza, wifi."

"Hata nepi moja tu, wifi yangu. Hata soksi. Hata soksi ya mguu mmoja, mwingine nitaleta mimi."

Pasi alicheka, kwa sababu palikuwa mahali pa kucheka. Lakini hakununua kitu. Watu walidhani anaogopa huyu naye asije kimya. Aliyeumwa na nyoka akiguswa na jani hushtuka, walisemezana, mwacheni. Haikuwa hivyo. Jambo aliloliogopa, kama bado alikuwa na uwezo wa kuogopa, ni kwamba mtoto atakuja analia, mzima, mwenye haki ya kila kitu. Watamweka kifuani pake, naye atampokea kama anavyompokea Mheshimiwa. Atamtegemeza shingo, atampitisha kwa mwingine.

Jumamosi ile somo lilikuwa kumfunga mtoto kwenye shuka.

"Leo ni kuvisha na kufunga," alisema Sista, mkunga mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, huku akitandika meza. "Kama kuna baba anayesema hizi ni kazi za wanawake, asimame tumwone."

Hakuna aliyesimama.

"Vizuri. Waoga wote. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mwasikia? Haya, Dereva, njoo."

Dereva wa lori alikwenda mbele akikunja mikono ya shati. "Mimi nimebeba mbao, nimebeba saruji, nimebeba mpaka mayai," aliwaambia watu wa mabenchi. "Hakuna kilichowahi kudondoka." Akamlaza Mheshimiwa, akavuta shuka huku, akavuta kule, akaweka goti mezani kupata nguvu, akamaliza kwa kufunga fundo kubwa tumboni.

"Miguu yake iko wapi?" aliuliza mkewe kutoka nyuma.

"Imo humo humo."

"Baba wewe," Sista alisema, "huyo si mtoto tena. Huyo ni mahabusu."

Chumba kilicheka mpaka benchi likalia. "Mcheke tu," Sista alisema, akifungua lile fundo kwa meno. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Siku yenu inakuja, na mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama pale. Fundi! Zamu yako."

Fundi alikwenda. Alifunga polepole, akizisawazisha pembe kwa kiganja, akipigapiga mbavu za Mheshimiwa kusambaza mchanga.

"Fundi, huyo ni mto wa kochi?" aliuliza mke wa Dereva.

"Nilikuwa natafuta misumari," Fundi alijibu, na watu wakacheka tena. Alitabasamu kidogo, akitazama chini. Mchanga ulikuwa umemwagika mezani.

"Na wewe nawe!" Sista alimdaka. "Mheshimiwa anavuja kwapa tangu mwaka jana, kumbe mtu wa sindano tumekaa naye hapa! Leo unaondoka naye. Ukamshone."

"Nitamshona, Sista."

"Mama, sasa wewe."

Sista aliwaita wote mama na baba, na Pasi kila alipoitwa hivyo aligeuka kutazama nyuma, kuona ni nani anayeitwa. Aligeuka sasa hivi pia. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Akainuka.

Shuka lilikuwa la kliniki, limefuliwa mara nyingi na halikunyooshwa hata mara moja, na hilo ndilo lililomchokoza kidogo. Alilipapasa makunjo kwa ubavu wa mkono. Akamlaza Mheshimiwa kimshazari. Pembe ya kulia akaipitisha juu ya kifua na kuichomeka chini ya mgongo. Pembe ya chini akaipandisha, miguu ikapata nafasi yake. Pembe ya kushoto akaizungusha. Hakuwa akifikiri. Mikono yake ilikuwa imeshika njia ile inayoijua, haraka, bila kelele, na mabenchi yalikuwa yamenyamaza kumtazama, kama watu wanavyonyamaza mbele ya kazi iliyokaa vizuri. Ikabaki pembe ya juu. Mikono ikaishika, ikaivuta, ikaiteremsha, ikaipigapiga mara mbili.

Shuka lilitulia juu ya uso wa Mheshimiwa, bapa, bila kunjo.

"Huyu sasa kalala usingizi wa…" Dereva alianza, na mkewe akamfinya, akakata.

"Mama," Sista alisema kwa sauti yake ya kufundishia, akinyoosha mkono, "uso huwa tunauacha wa…" Naye akakata.

Fundi alikuwa amesimama. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alikuwa akiitazama ile kona ya shuka, pale ilipolala, kama mtu aliyekutana njiani na mtu anayemjua na hakutegemea kumwona katika mji huu. Kisha akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona kwenye bomba la uani, ananawa mikono ambayo haikuwa michafu.

"Mapumziko," Sista alisema, ingawa muda wake ulikuwa bado. Watu walitoka kwa adabu, wakizungumza habari za jua.

Sista alisogeza kiti, akakaa. "Huyu si wa kwanza," alisema.

"Wa pili."

"Na wa kwanza?"

"Nilimfunga hivi hivi," Pasi alisema. "Kule nilikozalia. Waliniuliza wamfunge wao, nikasema nitamfunga mwenyewe. Ndiyo kazi yangu."

Sista, aliyekuwa na methali kwa kila shida, safari hii aliinuka. Alichukua ufagio mdogo wa mezani, akakusanya ule mchanga, akautia kwenye kikombe. "Kumbe ndiyo maana nikikuita mama unatazama nyuma," alisema mwishowe. "Unataka tukupumzishe darasa?"

"Sijui."

"Na mimi sijui," Sista alisema, na Pasi aliona kwamba ni kweli, hajui, na akapata nafuu kidogo. Mkunga akampa kikombe cha mchanga. "Mchanga wake huu. Arudishiwe."

Waliondoka kabla ya wengine. Fundi ndiye aliyembeba Mheshimiwa, vile vile alivyofungwa. Hapakuwa na mfuko wa kumtia. Pasi alitembea nyuma kidogo na kikombe chake, akiangalia jinsi mumewe alivyombeba: mikono miwili imenyooka mbele, kama mtu anayebeba sinia lililojaa chai. Hakumsogeza kifuani. Hakumgeuza. Ndivyo alivyombeba yule wa kwanza, Pasi aliwaza. Siku ile yeye hakuona, alikuwa kitandani.

Muuza nyanya wa kona ya mtaa aliwaona kwa mbali akapiga vigelegele. "Hongereni jamani, hongereni!" Walipomkaribia vigelegele vikamwishia mdomoni. Alitazama kifurushi, akatazama tumbo. "Mbona… mbona mwingine bado yumo?"

"Huyu ni wa kushonwa," Fundi alisema, akapita.

Kibarazani kulikuwa na kochi limepinduliwa, miguu juu, na rundo la sponji. Fundi alisafisha meza yake ya kazi kwa kiwiko, akamlaza Mheshimiwa, akatia uzi kwenye sindano yake iliyopinda, ya kushonea makochi. Kisha akakaa. Sindano mkononi, akakaa. Pasi aliingia ndani, akanywa maji, akatoka, akamkuta amekaa vile vile.

"Kwapa haliwezi kushonwa juu ya shuka," alimwambia.

"Najua."

"Basi fungua."

"Umefunga wewe."

"Ndiyo. Fungua."

Fundi aliichomeka sindano kwenye sponji. "Siku ile pia ulifunga wewe," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja siku ile. "Yule nesi alinipa pale mlangoni. Nikaangalia zile pembe, nikaujua mkono wako, hakuna mwingine anayechomeka vile. Nikasema, kama mwenzangu amefunika, amefunika. Nilidhani hairuhusiwi."

Pasi alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye rundo la sponji. "Hukumwona?"

"Nilimbeba tu."

"Na kaka yako?"

"Kaka alisema tufungue tumwone. Nikamwambia asiguse kazi ya mtu. Tukagombana pale pale. Mpaka leo hanielewi."

Muda wote ule, basi, Pasi alikuwa akingoja neno kutoka kwa mtu ambaye hakupewa kitu cha kulitengenezea. Pasi alijua kwamba hapa pana jambo kubwa, kwamba mtu mwingine hapa angelia au angepiga kelele. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Alipapasa huku, akapapasa kule. Haukuwepo.

"Sikumfunika kwa sababu yoyote," alisema. "Shuka lilimzidi ukubwa. Kona moja ilikuwa imebaki. Mikono ikamaliza yenyewe."

Fundi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama fundi anayeelezwa na fundi mwenzake kwa nini mshono ulikwenda upande ule.

"Naomba nifungue?" aliuliza.

"Fungua."

Aliishika ile kona kwa vidole viwili, akaiinua. Mheshimiwa alimtazama kwa jicho lake moja la kifungo. Fundi alicheka kwa pua, mara moja, kicheko kifupi kisichomfikisha popote. Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Alikuwaje?"

Pasi alimweleza kwa sauti ile ile anayotumia jioni kumwambia msimamizi mashuka gani yana doa na gani yamechanika. "Nyusi zako. Zimeungana hapa katikati. Nywele nyingi, zimelala upande mmoja, ungesema kachanwa. Kidole gumba kimo ndani ya ngumi. Sikio moja limejikunja juu. Nililinyoosha, likajikunja tena."

"Lipi?"

"La kushoto."

Fundi alipeleka mkono kwenye sikio lake la kushoto, lile lililojikunja juu tangu azaliwe, ambalo wenzake shuleni walimtania nalo. Akalishika. "Hili?"

"Hilo hilo. Nililinyoosha mara nyingi. Halikukubali."

"Halikubali," Fundi alisema. "Mama yangu alilifunga kitambaa mwaka mzima, halikukubali."

Akavuta sindano, akamrudishia Mheshimiwa mchanga wake kwa kijiko, akaanza kumshona. Pasi alimtazama. Mishono ilikuwa mikubwa, imepinda, mmoja umepanda juu ya mwingine, mishono ambayo mteja yeyote angeirudisha. Fundi alishona hivyo hivyo mpaka mwisho, akikodoa macho kama mtu anayeshona gizani, ingawa jua lilikuwa limejaa kibarazani. Alipokata uzi, alifanya jambo ambalo hakulifanya njiani: alimwinua Mheshimiwa akamweka begani, akampiga mgongo, akakaa naye.

Pasi alitaka kuinuka, mguu ukamgomea. Ulikuwa umekufa ganzi pale kwenye sponji. Alishika ukuta, akausimamia, ukaanza kuchoma kuanzia kisigino kupanda juu. Alisubiri aone kama kuna kingine kitakachofuata. Hakikufuata. Ulikuwa mguu tu.

Alichukua lile shuka la kliniki akalifua, akalianika. Lilipokauka aliweka meza ya kunyooshea karibu na dirisha, maana hakuweza kulirudisha na makunjo yale. Alipomaliza kulinyoosha, pasi bado ilikuwa ya moto. Alifungua kabati. Chini kabisa, chini ya vitambaa vya meza, kulikuwa na shuka dogo jeupe. Zamani alikuwa amekata mawili kutoka shuka moja zuri la nyumba ya wageni lililochanika pembeni. Moja lilikwenda na mwenyewe, yule wa kwanza. Hili lilibaki.

Alilitandaza. Lilikuwa na mistari ya makunjo iliyokuwa migumu kama iliyochorwa. Akanyunyiza maji, akaweka pasi.

Wifi aliingia bila hodi, akapita kibarazani, Pasi akamsikia akipiga ukelele. "Mama yangu! Kaka, huyo nani tena begani?"

"Mheshimiwa," Fundi alimjibu. "Kapasuliwa kwapa. Usimpigie kelele."

"Mna wazimu nyote wawili," wifi alisema, akaja mpaka mlangoni mwa chumba. Mkono ulikuwa umeshatangulia kuelekea kwenye mfuko. Akamwona Pasi, akaona shuka lililokuwa mezani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akarudi nyuma bila neno, akaenda kukaa na kaka yake.

Mtoto aligeuka tumboni. Alipiga teke lililofika mpaka kwenye ukingo wa meza, pasi ikatikisika.

"Subiri," Pasi alimwambia. "Namalizia."

Alisikia alilolisema baada ya kulisema. Hakuwahi kusema naye kabla ya hapo. Alingoja kidogo, pasi juu, kisha akaendelea, kwa sababu shuka likipoa nusu huwa halikai.

Alilikunja. Pembe ya kulia, pembe ya chini, pembe ya kushoto. Ilipobaki kona ya juu, mikono ikaishika, kama kawaida yake, ikaanza kuivuta. Akaizuia. Akaikunja nyuma, akaichomeka chini, pakabaki uwazi kama wa mfuko wa shati. Haikuwa safi kama ile kazi ya kwanza. Ilikuwa na kivimbe pembeni.

Akaliweka ndani ya ule mfuko nyuma ya mlango, shuka peke yake, na mfuko ukaning'inia vile vile, mwembamba. Kutoka kibarazani alimsikia wifi akiuliza kwa sauti ya chini sana ni sikio lipi, na Fundi akimwonyesha.